Bata wa Watu

Seva yangu inakaa sebuleni, juu ya kabati la vitabu vya baba, imeinuliwa kwa vipande viwili vya tofali ili ipate hewa. Ni kompyuta mpakato iliyopasuka kioo, ambayo bosi wangu wa steshenari alitaka kuitupa. Kioo sikihitaji. Kazi yake ni kukaa imewashwa, kutunza vitu vyetu na kuvigawa humu ndani kwa waifai: picha, vyeti, sauti ya bibi akisimulia, na vitabu. Mtu akija kwangu na simu yake anafungua kitabu na kukisoma bila bando. Wapo majirani wanaosema wamepita kunisalimia, kisha wanakaa barazani kimya wakisoma mpaka chai ipoe. Nawajua, na nafurahi.

Wenzangu kazini huniuliza kwa nini nisiweke vitu vyangu mtandaoni kama watu wote. Mimi kitu changu nataka nikisikie. Nikiwa jikoni naisikia feni yake inavuma, na ikinyamaza najua ama umeme umekatika mpaka betri imeisha, ama mdogo wangu wa kike ameifunika tena kitambaa chake cha kufuma. Kwetu kitu cha thamani kikishakaa sebuleni lazima kivishwe. Redio ilivishwa, televisheni ikavishwa, na seva nayo ikavishwa siku moja nikiwa kazini, ikachemka mpaka ikajizima. Nilikikuta kitambaa kina joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nikagomba, akakiondoa. Baada ya wiki kikarudi.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba sikuwa mtu asiye na kitu siku mdogo wangu wa kiume alipokuja kutoka Tunduru na kile kibao chake cha kuandikia.

Sisi ni watatu. Mimi ndiye mkubwa, na kati yangu na yule wa kiume kuna pengo la watoto ambao wazazi wetu hawakupenda kuwazungumzia. Baba alipofariki, na mama akamfuata kabla hatujaondoa matanga vizuri, mimi nilikuwa kidato cha pili, yeye hajaanza shule, na wa mwisho alikuwa bado mgongoni. Niliacha shule. Hakuna aliyenilazimisha, ila ndugu waliangalia huku na huku, na aliyekuwa amesimama ni mimi. Nimelima mahindi, nimeuza vitumbua stendi, kisha nikajifunza kuchapa, nikaingia steshenari, na nipo hapo mpaka leo. Wa kiume akasoma mpaka chuo kikuu, mambo ya miamba na mawe. Sasa yuko Tunduru, anazunguka machimbo ya vito. Wa mwisho anasomea uuguzi hapa mjini na anaishi kwangu.

Yule wa kiume alikuja mwezi wa saba, baridi ya Songea imekaza, kwa sababu mwaka huu tulikuwa tumekubaliana kujengea makaburi ya wazazi. Hata begi hajatua, wa mwisho akawa amekiona kibao.

"Kaka, umenunua kishikwambi?"

"Hiki si kishikwambi. Kishikwambi kinakukodolea macho. Hiki kinatulia kama karatasi."

"Kinapiga picha?"

"Hakipigi."

"Muziki?"

"Hakina."

"Rangi je?"

"Nyeusi na nyeupe."

"Sasa kaka, umeuziwa nini?"

Nilicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Lakini kaka yake alimpa kalamu ya kibao, na yule binti akaandika jina lake kiooni. Akaliandika tena. Akakaa karibu na kaka yake, bega kwa bega, kama alivyokuwa akikaa na mimi nilipokuwa namfundisha kufungua vitabu kwenye seva.

"Dada, na wewe hebu jaribu," mdogo wangu wa kiume akaniambia.

"Mikono yangu ina unga," nikasema.

Nilikuwa nimeshanawa.

Siku zilizofuata nilikichunguza kile kibao kama mtu anavyomchunguza mke mwenza, jicho la pembeni lakini halikosi kitu. Nina maoni yangu. Kioo chake kina rangi ya majivu ya alfajiri. Hakitoi mwanga wa kuchoma macho. Ukifungua ukurasa mwingine kinapepesa cheusi, kinarudi, na ukitazama vizuri utaona kivuli cha ukurasa uliopita kimebaki kwa chini, hafifu, kama maandishi ya ubaoni yaliyofutwa kwa kiganja. Hilo ni kasoro, na nililifurahia. Ni kizito cha kufikiri. Ni cha mtu mmoja: seva yangu inalisha nyumba nzima, kile kinamlisha aliyekishika tu. Hayo yote nilimwambia mdogo wangu.

"Ni kweli dada," akasema, na akaendelea kuandika.

Jambo lililonichoma hasa ni kwamba alikuwa na wakati. Alikaa barazani asubuhi na kikombe cha chai, kibao kikiwa gotini, akaandika mambo ambayo hakuna mteja aliyemwagiza. Mimi nachapa kutwa, na hakuna neno hata moja ninalochapa ambalo ni langu. Barua za maombi ya kazi, mialiko ya harusi, mihtasari ya vikao. Na wasifu wa marehemu. Nadhani nusu ya watu waliozikwa mjini hapa miaka hii wamepita mikononi mwangu: alizaliwa, alibatizwa, alisoma, alifunga ndoa, alijaliwa kupata watoto, aliugua, mauti yakamkuta. Familia huja macho yamevimba, nami nawasaidia. Ni kazi ninayoijua.

Kwa hiyo baba mdogo, mdogo wake baba anayeishi bado kijijini, alipopiga simu kuuliza habari za maandalizi, hakuna aliyesita.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Saruji imefika, kokoto zipo, padri amekubali. Wazazi wenu walizikwa haraka haraka, hata wasifu haukusomwa. Safari hii usomwe. Nani ataandika?"

"Mimi hapa," nikasema.

"Basi hilo limekwisha. Mwenye mashine yumo nyumbani."

Nilingoja hilo tangu nilipokuwa msichana. Wadogo zangu hawakumjua mama. Walimjua kupitia kwangu. Siku moja angesemwa mbele ya watu, na mdomo ungekuwa wangu. Niliandika kazini, kati ya mteja na mteja, nikachapisha, nikaileta nyumbani Jumapili baada ya misa. Mdogo wangu wa kiume akaichukua karatasi akaanza kuisoma. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikimtazama uso wake kwa pembeni.

"Dada."

"Abee."

"Mama alifuga bata lini?"

"Bata gani?"

"Wapo hapa. 'Marehemu atakumbukwa kwa ukarimu wake, na kwa mapenzi yake makubwa ya kufuga bata.'"

Wa mwisho akamnyang'anya karatasi aone mwenyewe. "Labda kaanza alipofika huko juu!" akasema, akaegemea ukuta kwa kicheko. "Jamani bata!"

"Mimi nakumbuka kuku wawili tu," wa kiume akasema, "na mmoja alikuwa anachechemea."

Steshenari hatuandiki wasifu kuanzia mwanzo. Unafungua faili la familia ya mwisho, unabadilisha majina, unabadilisha vijiji, unahesabu upya watoto. Bata wale walikuwa wa mama mmoja wa mtaa wa Mfaranyaki, ambaye wanawe walikuwa wamekaa mbele yangu wiki ile ile wakilia. Ninajua wateja wangu husahau kukagua, kwa hiyo huwa nakagua mimi, mara mbili. Wa mama yangu mwenyewe sikuukagua. Nilidhani nimeuandika kwa moyo.

Nami nilicheka. Ungefanyaje? Lakini niliichukua ile karatasi nikaisoma upya, na bata hawakuwa tatizo. Ukiwaondoa bata, mle ndani hamkuwa na mama. Alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa. Alikuwa mcheshi na mpenda watu, kama marehemu wote wa Songea.

"Kaka aandike," wa mwisho akasema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Ana kitu cha kuandikia."

Alisema hivyo, akainuka kwenda kuanika nguo. Hakujua ametoa nini mkononi mwangu na amekiweka kwenye mkono wa nani.

Mdogo wangu alinitazama. "Dada, ukitaka nikuachie—"

"Andika," nikasema. "Kazi ni kazi."

Akaandika. Na kwa kuwa hakukumbuka kitu, ilibidi aniulize, na kwa kuwa mimi si mtu wa kumnyima mdogo wake, nilimjibu. Mama alipenda kula nini? Maharage mabichi yenye karanga. Aliimba? Akipepeta tu, kanisani alikuwa anafungua mdomo bila sauti. Alikasirikaje? Alifagia. Ukisikia ufagio uani saa mbaya, jua kuna mtu amekosa. Kila nilichosema kiliingia kwenye kalamu ile, na kutoka hapo kikawa chake. Kumbukumbu yangu, mwandiko wake. Nilikuwa kama ng'ombe anayetazama maziwa yake yakipelekwa nyumba ya pili.

"Mwandiko wako kama wa baba," wa mwisho akamwambia siku moja, akilinganisha na vitabu vya kabatini. Baba alikuwa karani wa ushirika wa tumbaku. Vitabu vyake si vingi. Mchwa wamekula vingine, na vilivyoazimwa havikurudi, maana kitabu cha karatasi ukikiazimisha umekipa. Ndiyo maana nilivipiga skani vilivyobaki. Lakini skani haichukui kila kitu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu baba aliandika jina lake, na herufi ya k ina mkia mrefu unaoingia chini ya neno linalofuata. Mdogo wangu anaandika k hiyo hiyo. Wa mwisho alishangaa sana jinsi damu inavyofanya kazi.

Si damu. Nilimfundisha mimi, sakafuni jikoni, kwa mkaa, kabla hajavaa sare ya shule. Na mimi nilifundishwa na baba. Ila mimi nachapa. Miaka yote hii hakuna mtu ambaye ameuona mwandiko wangu zaidi ya sahihi.

Sikulisema hilo. Nililosema ni hili:

"Kikiisha chaji?"

"Kinakaa wiki, dada."

"Kikianguka?"

"Nitakiokota."

"Na hayo maneno yanakaa wapi?"

"Humu ndani. Na nakala inakwenda mtandaoni."

"Mtandao wa wapi?"

Akafikiri. "Sijui. Nje huko."

"Kwa hiyo mama anasafiri nje kabla hajasomwa kaburini kwake. Lete waya."

Alicheka, lakini alileta waya, na kurasa zake zikaingia kwenye seva, mahali pake, karibu na sauti ya bibi. Hapo nilijisikia vizuri kwa muda wa kutosha kupika ugali. Jioni nilizifungua kwenye simu nikazisoma. Nilitamani ziwe mbaya. Nilitafuta neno la kishuleni, neno la kujionyesha, nipate pa kushika. Sikupata. Alikuwa ameandika kwamba mama yetu aliyapeleka makosa yetu uani akayafagia. Mimi ndiye niliyemwambia habari za ufagio. Sikuwahi kujua kwamba ungeweza kuusema hivyo.

Niliyachapa maneno yake yote vizuri, nikayaweka kwenye simu yangu, endapo kibao kingeharibika. Nilijiambia ni tahadhari tu.

Siku ya makaburi jua lilikuwa jeupe. Kijijini mahindi yalikuwa yameshavunwa, mashamba yamebaki mabua, hakuna kivuli kwenye makaburi zaidi ya mwavuli wa padri. Saruji ilikuwa imekauka, misalaba imepakwa rangi. Baada ya padri kubariki, baba mdogo akasimama na kofia yake mkononi. Mdogo wangu alikuwa ameshasogea mbele, kibao kifuani.

"Sasa ni wasifu," baba mdogo akasema. "Utasomwa na mtoto mkubwa."

"Baba mdogo, aliyeandika ni kaka," wa mwisho akanong'ona, lakini kimya kile kilimfanya asikike na kila mtu.

"Kuandika ameandika. Kwenye kaburi anasema mkubwa. Au mmebadilisha huko mjini?"

Watu wakacheka kidogo. Mdogo wangu akarudi nyuma hatua, bila kinyongo, na mimi nikapita mbele nikafungua simu. Sikuona kitu. Jua lilikuwa limeingia ndani ya kioo. Niliona uso wangu mwenyewe, kilemba, na mbingu. Nikaikinga kwa kiganja. Nikaigeuza. Watu wakingoja. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba kibao chake kina rangi ya majivu na ni kizito cha kufikiri.

Mdogo wangu akaninyooshea kibao chake.

Nikakishika kwa mara ya kwanza. Katika jua lile kilikuwa cheupe kama karatasi, kila herufi imesimama, na mikia ya k zake imelala chini ya maneno. Machimboni Tunduru wanakaa juani kutwa. Nikaelewa kwa nini alikinunua. Nikasoma. Nilisoma vizuri, na muda wote nikiona wivu, mbele ya padri, juu ya makaburi ya wazazi wangu. Watu walicheka kwenye ufagio. Shangazi mmoja alilia kwenye maharage. Niliona vicheko na machozi hayo yote ni ya aliyeandika.

Nikafika mwisho. Nikagusa, kioo kikapepesa, kikaja ukurasa mtupu, na chini yake kivuli hafifu cha maneno niliyotoka kuyasoma. Nilipaswa kusema amina na kumrudishia.

"Kuna jambo moja halikuandikwa," nikasema.

Nikawaambia kwamba mama hakujua kusoma. Jioni baba alikuwa anamsomea, na vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo alimsomea vile vile kila mwaka. Baba akichoka aliruka kurasa kimya kimya ili afike mwisho akalale. Na mama, akiwa anachambua mboga, bila kuinua kichwa, alikuwa anamwambia: "Umeruka." Baba anarudi. Anasoma. Akijaribu tena, "Umeruka." Baba alikuwa anaapa kwamba hajaruka, na mama alikuwa anamtajia hasa kilichorukwa, nani alikuwa amesema nini kabla mlango haujafungwa. Mimi nililala sakafuni nikiwasikiliza, na mpaka leo nikisoma kitabu siwezi kuruka hata mstari.

Baba mdogo alijipiga paja. "Kweli! Kweli kabisa! Hata mimi alinifanyia, na nilikuwa namsomea barua!"

Baadaye, watu wakila, mdogo wangu alinifuata kwenye benchi nje ya jiko la baba mdogo. Hakuwa na uso wa kawaida.

"Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza kila kitu, dada."

"Uliuliza alikula nini, aliimba nini. Hukuuliza jioni walikuwaje wakiwa wawili."

Akakaa. Alikuwa na sahani ya pilau ambayo hakuila. "Mimi ninachokumbuka ni mgongo wake na kuku anayechechemea," akasema. "Wewe una jioni nzima nzima. Halafu unaionea wivu mashine."

Nilidhani nimeficha.

Akakifungua kile kibao, akakiweka kwenye mapaja yangu, akanipa kalamu. "Hiyo andika wewe. Kwa mkono wako."

Safari hii mikono yangu ilikuwa na mafuta ya pilau kweli. Nikaifuta kwenye kanga. Neno la kwanza lilikwenda upande, kama mtu aliyeteremka basi baada ya safari ndefu. La pili likanyooka. Kalamu inakwaruza kidogo, kama penseli kwenye karatasi ya kaki, na hilo sikulitegemea; nilidhani itateleza. Niliandika "Umeruka" na yote yaliyolizunguka, nikajaza ukurasa, nikaanza wa pili, na kadiri nilivyokipenda ndivyo moyo ulivyozidi kuniuma, kwa sababu kilikuwa chake, na kesho yake kingepanda basi la Tunduru.

Kikapanda. Kabla hajaondoka aliniuliza kama aniagizie na mimi. Nikamwambia seva inanitosha. Akasema haya, na hakusisitiza, na nilitaka asisitize.

Nakala ya kurasa zangu mbili ilibaki. Juzi wa mwisho alikuwa sebuleni na simu yake, akapekua mle ndani ya seva, akazikuta.

"Dada, njoo. Hizi umeandika wewe?"

"Mimi."

Akazitazama kwa muda, akavuta picha akaisogeza karibu.

"Kumbe na wewe," akasema, "unaandika kama kaka!"

Nilimtazama. Nyuma yake, juu ya kabati, kitambaa cha kufuma kilikuwa kimerudi kwenye seva, kimenyooshwa vizuri pembe zote. Nikainuka nikakiondoa, nikakikunja, na feni ikaendelea kuvuma.

"Lete simu," nikamwambia, "na ulete kitabu chochote cha baba. Kaa hapa, nikuonyeshe k hizi zilianzia wapi."